Toroli la Bi Zamzam

Usiku wa kuamkia maandamano
mkandarasi alikuwa amemwaga mawe
kando ya barabara ya kwendea ufukweni,
lundo baada ya lundo, kana kwamba alijua.
Nikaokota moja. Lilinikaa kiganjani
kama andazi la moto.

Kisa mnakijua. Dama, binti Kahindi,
mshahara wa kwanza mkobani, kamshika mamake mkono,
wakanywe kahawa mahali penye vitambaa vyeupe mezani.
Langoni akaambiwa, "Leo ni wageni tu."
Akasema, "Mimi ni mzaliwa wa Maweni, hapa hapa Malindi."
Akajibiwa, "Ndiyo maana."
Na nyuma yake Wazungu wawili, peku,
nguo zinachuruzika maji ya bahari,
wakapita bila kuulizwa kitu.
Ngozi ilikuwa kitambulisho tosha.

Jioni tukajaa uwanjani, shuleni Barani.
Mchungaji Tsuma akashika kipaza sauti,
betri ikamfia katikati ya neno "amani".
Tukacheka. Kicheko kile kilikuwa na meno.
Ustadhi Famau akasema, subirini.
Karisa wa bodaboda akasema, tumesubiri
tangu babu zetu walipolipishwa ijara
kwa ardhi waliyozikia vitovu vyao.
"Kioo kikivunjika, watasikia!"
Hapo tukapiga makofi hadi popo wakahama.

Bi Zamzam hakupiga makofi, hakuzomea.
Mwenyekiti wa soko la samaki,
magamba yangali yamemganda mikononi,
alijifunga leso kiunoni, akasimama:

"Msinidhanie sina hasira.
Miaka kumi na tisa nimewapelekea kamba
kwa mlango wa nyuma, ndoo kichwani,
hata mbwa wao akanizoea
na wenyewe jina langu hawalijui.
Hasira ninayo. Naila na wali.
Lakini semeni: kesho langoni atasimama nani?
Mwenye hoteli? Yeye yuko ghorofani, anakula.
Atasimama Kenga wa Mwarandu,
kofia imemzidi kichwa, miezi miwili hajalipwa.
Jiwe halijui kusoma.
Lingejua, wallahi, ningewagawia mimi."

Kenga ni mtoto wa shangazi yangu.
Ni yeye aliyesema "Ndiyo maana",
akisema na ardhi, si na Dama.

Hakuna aliyempigia makofi Bi Zamzam.
Ila saa sita za usiku nilisikia gurudumu likilia:
yeye anasukuma toroli, Ustadhi kakunja kanzu,
Mchungaji anaokota kwa tochi ya simu,
wanazoa mawe ya mkandarasi, barabara nzima,
wakibishana kwa sauti ya chini
kama wezi wasioaminiana.
Karisa akaja baadaye, amenuna.
Akashika toroli bila salamu.

Asubuhi tuliketi langoni, watu mia tatu,
juu ya lami iliyoanza kuiva.
Polisi walisimama na ngao zao, wakingoja sababu.
Kijana mmoja akatafuta cha kurusha,
akapapasa chini, akapata vumbi,
akalitazama vumbi lile, akaketi.
Mimi nilikuwa na langu mfukoni.
Likanichoma paja mpaka alasiri.
Sikulirusha. Sijui ni busara au woga,
na yeyote anayejua asiniambie.
Kenga alitutazama, tukamtazama.
Saa tisa akavua kofia, akaja kuketi na Dama,
na Dama hakusogea kumpisha.

Kibao kiliondolewa Alhamisi.
Matundu ya misumari yapo bado.

Jumamosi mkandarasi akabisha kwa Bi Zamzam,
amekuja kudai mawe yake, toroli kumi na moja,
yamerundikwa uani karibu na banda la kuku.
"Yachukue," akamwambia, "barabara yataka kujengwa.
Ila yapitishe mlango wa mbele.
Kwangu hakuna kinachotoka kwa nyuma."

Mtu yule akaanza kuhesabu, akasema, "Limepungua."
Bi Zamzam hakumjibu.
Alinitazama mimi.