Karatasi za Kufungia

Mimi nauza karanga, Mwanga sokoni,
tangu alasiri hadi taa za pikipiki.
Za kukaangwa kwa mchanga, si kwa mafuta;
anayezijua anazijua.
Karatasi nanunua kwa kilo
kwa Bwana Bitaliho, mtunza stoo wa wilaya:
madaftari ya shule, fomu zilizokosewa,
na mwezi huu, magazeti.

Marobota manne, kamba zake bado,
hayajafunuliwa, yananuka wino.
"Yalikamatwa stesheni mwaka juzi
yakiteremshwa behewani. Panya wameanza.
Mkubwa kahamishwa, huyu mpya
anataka nafasi aweke viti."
Tukapima. Mizani yake huiba kidogo, yangu pia.

Naikumbuka ile treni.
Ililala Tabora usiku kucha,
ikaingia asubuhi, askari wawili wakiingoja
kama watu wanaopokea maiti.
Tukaambiwa ni uchochezi.
Sikuuliza wa nini.
Kwetu zinazochochewa ni kuni, na mimi nina jiko.

Ruhaga, aliyeandika, alikuwa mteja wangu.
Wa mia mbili, kila jioni, anatafuna anauliza:
maji ya bomba kwenu yana rangi gani?
Nani anaumwa? Tangu lini?
Maswali ya mtu asiye na haraka.
Wakamchukua siku tatu. Aliporudi
alinunua karanga bila kuuliza kitu.
Siku hizi nasikia yuko Kasulu, anafuga kuku wa mayai.

Jumanne nakunja, mkono unakunja wenyewe,
macho yakasoma.
Nilijifunza ukubwani, nasoma kwa kidole,
na kidole kikasimama kwenye jina la mtaa wetu.
Tangi limepimwa.
Majibu yamefika ofisini tarehe tisa.
Yamegongwa mhuri: SIRI.

Tarehe tisa.

Bukuru alikunywa tarehe kumi na nne.
Siisahau, ilikuwa zamu yangu ya mchezo,
nikamnunulia kikombe cha plastiki, cha bluu,
akataka kukizindua mwenyewe, bombani.
Wakasema ni kuhara tu.
Wakaja usiku na chokaa,
wakamzika wao, wamevaa glovu,
na bado ikaitwa kuhara tu.

Tisa, kumi, kumi na moja,
kumi na mbili, kumi na tatu.
Nazihesabu kama chenji ya mteja mkorofi,
hazipungui.
Siku tano maji yanajulikana ofisini
na kwangu yanachotwa.

Wanasema serikali ina siri zake, kama nyumba.
Nakubali. Ya chumbani kwangu siyaleti sokoni.
Lakini nikimwona nyoka
uvunguni mwa kitanda cha mtoto wa jirani
sitafuti mhuri.

Basi sikuyachoma. Wala sikulia, wateja walikuwepo.
Nachana ukurasa wa tatu, huo tu,
nakunja maandishi yakiwa ndani,
yalale na karanga,
mtu ayakute akimaliza.
Chumvi nimezidisha kidogo.

Juzi alikuja yule karani wa afya,
yule wa chokaa.
Wa mia tano. Akatafuna mpaka chini,
akafungua karatasi kutafuta ya mwisho,
akasimama hapo hapo.
Pikipiki ikapita, taa ikampiga usoni:
midomo inatembea kama yangu ninaposoma.
Sikumwangalia sana. Nikapepeta.
Aliikunja mara mbili, taratibu,
akaitia mfuko wa shati, ule wenye kalamu,
akaondoka bila kudai chenji.

Butoyi yuko darasa la nne, ananishinda kusoma.
Tangu pacha wake aondoke hakai mbali nami.
Jana ameuliza: bibi, haya magazeti ni ya zamani,
mbona watu wanayasoma kama ya leo?

Chochea kuni kwanza, nikamwambia.
Bado tuna marobota mawili.