Pampu Ndogo ya Kamio ya Cirhuza

Kamio ilifika kwangu Essence ikivutwa kwa mnyororo.
Essence, mtaa wenye jina la petroli,
nayo inakufa kwa kiu na tangi liko nusu.
Watoto wa barabarani walicheka. Mimi pia.
Cirhuza hakucheka.

"Kwenye tambarare ya Kamanyola," alisema,
"inakimbia kama imeiba.
Nikianza kupanda Ngomo, kona ya tatu,
inakata pumzi. Nakanyaga, nakanyaga,
mguu unafika chini na gari halina habari.
Tani kumi za mchele, korongo ubavuni,
vijana wanaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu."

Niseme ukweli, karatasi haina macho:
mara ya kwanza nilibadilisha chujio, nikalipwa.
Mara ya pili nililaumu mazutu ya madumu,
nikaosha tangi, nikalipwa.
Mara zote mbili Ngomo ilimpa jibu lake.

Safari hii nilizima redio.
Nilimtuma Mugaruka akaazime geji
kwa yule wa Nyawera asiyeazima vitu.
Alirudi nayo, pamoja na masharti.
Nikaifunga baada ya pampu ndogo, kabla ya kubwa.
Injini ikinguruma taratibu,
mshale ulisimama kwenye moja na nusu,
wima, mtoto mbele ya mwalimu.
"Kanyaga."
Mshale ukainama, ukainama,
ukalala karibu na sifuri.

Lakini geji huonyesha njaa tu,
haisemi nani kanyima chakula.
Nikachomoa bomba la tangi,
nikatumbukiza mpira unaoona ndani
kwenye dumu safi, hatua moja tu kutoka injini.
Nikatazama: hakuna povu, hakuna punje ya kutu.
"Kanyaga tena."
Ukalala tena.
Basi tangi likatoka kifungoni, na bomba lake,
na wauza madumu wa Kamanyola
niliowasingizia mwezi mzima.

Kilibaki kidude kimoja, ukubwa wa ngumi,
ubavuni mwa injini, chini ya grisi na tope.
Pampu kubwa ikiugua watu huuza ng'ombe.
Nozeli zina mafundi wake, wenye makoti meupe.
Hiki kazi yake ni kuteka:
kuvuta nyuma, kukabidhi mbele.
Mama yangu alibeba magunia kutoka ziwani
hadi juu Kadutu, miaka kumi na minane.
Waliokula ule unga walimjua mwenye duka.

Boliti mbili, spana ya kumi na tatu.
Ya pili iligoma, ikataka mafuta na matusi.
Nilipokifungua: springi imechoka,
vali imelika upande, kisigino cha kiatu cha tarishi.
Kumbe kilivuta na kurudisha,
kilivuta na kurudisha,
kutwa kazini, mkononi hakuna kitu.

Cirhuza alikiweka kiganjani,
akakipima kama anayenunua nyanya.
"Hiki?" akasema.
"Hiki ndicho kilitaka kuniua?"

Pampu mpya, dola thelathini na tano.
Nilizitoa mfukoni mwangu.
Hakuniuliza sababu. Hesabu anaijua.

Nikakwangua gasketi ya zamani kwa wembe,
nikafunga mpya, nikalegeza skrubu ya chujio.
Mugaruka akasukuma kwa kidole gumba,
puf, puf,
povu jeupe, povu la uzi,
mara mazutu matupu, bila neno.
"Kaza!"
Injini ikakohoa mara mbili, ikashika.
"Kanyaga." Mshale ukapanda hadi mbili,
ukakaa hapo, ukatutazama.

Siku nne baadaye, usiku, mvua ikipiga mabati,
simu iliita. Msaidizi wake ndiye aliyeishika,
sikusikia maneno, nilisikia injini.
Kona ya tatu. Sauti haikutetereka.
Ya nne. Ya tano.
Kwenye ya sita mtandao ukakatika.

Nikakaa kitandani.
Geji ya watu ilikuwa bado juu ya meza.