Kuhesabu Mikia

Saa tano usiku, Hamilton. Theluji inaanguka nyeupe
na kufika chini imekwisha kuwa kijivu.
Nimezima taa zote za maabara,
maana kazi hii haitaki mwanga ila wa hadubini.

Ni hivi: unachukua damu, tone tu,
unazitandaza chembe zake kwenye utandu wa jeli,
unazivua ngozi, unapitisha umeme taratibu.
Chembe nzima hubaki duara, mwezi wa siku kumi na nne.
Iliyojeruhiwa haijiwezi: nyuzi zilizokatika humwagika,
zikavutwa upande mmoja,
ikawa nyota yenye mkia.
Nami nahesabu mikia. Ndiyo kazi iliyonileta Kanada,
ambayo mama, kila Ijumaa, huniuliza tena ni kazi gani.

Sampuli ya leo haina jina, ni mia mbili kumi na saba.
Lakini namjua, nilimfungulia mlango mwenyewe:
Darlene Hrynkiw, kilemba cha maua, nyusi zimekwisha kwa dawa,
na alipocheka (alicheka!) mwanya,
mwanya mpana wa meno ya mbele
ambao kwetu angesifiwa nao hadi azeeke.
"Wa baba," akasema. "Lorne. Miaka thelathini na mmoja
kwenye tanuri za makaa, kiwanda cha chuma.
Alirudi na masizi kwenye kola, mama akafua,
mimi nikazikung'uta nguo uani."
Akagusa kifua. "Sasa wewe unayesoma damu, niambie:
hili alinipa akiwa kitandani na mama,
au alinipa mlangoni, akinikumbatia?"

Nilimpa fomu ya ridhaa.
Ina kurasa saba na haina jibu hilo.

Maji hufuata mkondo, tumezoea kusema.
Mwanya hufuata mkondo, na upara,
na kidole gumba kinachopinda nyuma.
Lakini moshi haujui ukoo. Huingia bila hodi,
ukaandika pembeni mwa kitabu cha watu,
kisha aje mtu kama mimi kubaini
wino upi wa babu, upi wa bomba.
Mara nyingi sijui. Nakiri.

Ili kulinganisha, tulihitaji damu ya mtu asiyeguswa.
Nilikunja mkono wa shati kwa majivuno:
mimi si mtoto wa chuma, nimekulia Muheza, kwenye machungwa.
Nikasahau miaka sita ya Mtaa wa Barton,
dirisha wazi kiangazi chote, mashuka kwenye kamba.
Mikia.
Si mingi kama yake. Lakini mikia, yangu.

Kuna jambo sikumwambia, kwa kuwa hakuuliza:
ukiziacha chembe kwenye joto la mwili, saa moja tu,
kabla ya umeme, mikia hufupika.
Humo ndani mna mafundi wasiolala wala kulipwa,
wanaokota nyuzi, wanaunga ncha kwa ncha,
wakipatia hapa, wakikosea pale,
na walipokosea ndipo tunapokutana, mimi na wao.

Saa saba. Nimehesabu chembe hamsini, zimebaki hamsini.
Najikuta napitisha ulimi kwenye meno yangu ya mbele,
yaliyobanana, ya upande wa baba,
nikitafuta nafasi ambayo haipo.