Sifuri ya Cibalonza

Fomu ilikuja Jumatatu, kurasa kumi na moja,
kutoka kiwanda nisichokijua, kinachounda simu ninayoijua.
Wameahidi: ifikapo mwaka elfu mbili na arobaini
moshi wao utakuwa sifuri.
Kwa hiyo wanahesabu kinyumenyume,
kutoka dukani hadi melini, kutoka melini hadi kwenye tanuru,
mpaka wamefika hapa Bukavu, ghala letu la mawe meusi,
Nguba, nyuma ya fundi wa babula,
na hapa nipo mimi, Nsimire, karani, na kalamu moja.

Naanza na jenereta.
Mazutu: bidoni tatu kwa juma,
nne juma lile umeme wa Ruzizi ulipokatika siku tano.
Naandika nne. Napiga mstari, naandika tatu.
Halafu naona haya, naandika nne.

Lori la Birindwa: naandika kilomita.
Fomu haina mahali pa kusema
kwamba nyingi kati ya hizo lilikuwa linatafuta tu pa kupita,
maana mvua ya Mei ilikula barabara
na nyumba mbili zilizoiegemea.

Safu ya saba: *Usafiri wa Namna Nyingine.*
Hapo namwandika Cibalonza.
Lori lilipokwama chini ya mteremko,
ni yeye na wenzake kumi na wawili waliopandisha magunia,
kamba pajini, shingo imekaza kama mzizi,
kilo hamsini, hatua mia nne na sitini
(nilimuuliza; huzihesabu, ndivyo anavyojizuia kulia).
Mazutu: hakuna. Petroli: hakuna.
Kompyuta inajumlisha yenyewe.
Inaandika, kwa rangi ya majani mabichi:
sifuri.
Na pembeni, alama ya vema.

Niliitazama sifuri ile muda mrefu.
Duara, kama ngata isiyo na kichwa chini yake.

Kumbe Cibalonza amekwishafika!
Bila mkutano, bila ahadi, bila mwaka wa mwisho.
Nyumbani kwake Kadutu hakuna taa: sifuri.
Hana friji. Ndege alipanda mara moja, ndotoni,
na hata humo alishuka njiani.
Simu yake ya vitufe imekufa tangu Pasaka.
Wakubwa wa kiwanda wako safarini kuelekea alipo yeye,
na washauri wao, na michoro inayoteremka,
naye angewangoja pale,
kama angekuwa na mahali pa kukaa.

Nilimweleza saa ya chai. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika.
"Na makala, wameuliza?"
Kopo moja kila jioni, la kuivisha sombe na bugali.
Hapana, nikasema, hayo hayaingii ndani ya simu yao.
"Na pumzi? Nikifika kule juu ninahema kama ng'ombe."
Nikafungua maelezo, ukurasa wa tisa:
*Pumzi za binadamu hazihesabiwi.*
Akanyamaza. Akakung'uta vumbi jeusi kwenye kitenge.
"Basi waandikie: hazihesabiwi, ila zinakwisha."

Mwisho wa fomu kuna kisanduku cha maoni,
herufi mia mbili, zisizidi.
Niliandika maneno yake. Herufi zikabaki.
Nikaandika jina lake, na la baba yake, na la kilima.
Nikaandika: hatua 460.

Umeme ukakatika kabla sijatuma.
Nikatoka uani, nikavuta kamba ya jenereta
mara tatu, mara nne, mpaka ikakohoa.
Nusu lita, nakadiria,
ili habari za sifuri ziwafikie.