Haijafika

Babu yangu Kombo Shaame, karani wa posta ya Wete,
alikuwa mtu wa kanuni: muhuri ukae wima, wino usitapakae,
senti tano ikizidi atakufuata nayo mpaka Bopwe.
Mtu huyu huyu alisema uongo kila Alhamisi, miaka sita.

Uongo wenyewe niliukuta kwenye kopo la biskuti
tulipogawa nguo zake baada ya arubaini.
Barua tisa. Mwandiko mmoja, wa kulalia kushoto.
Zote kwa Irma Pollaková, Brno,
zote zimepigwa mstari mwekundu, na muhuri:
VITA. HAKUNA NJIA. IRUDI KWA MPELEKAJI.

Mpelekaji alikuwa mzungu wa maabara, Bwana Polaki,
aliyeshuka na sanduku moja na hadubini
kuhesabu vijidudu vya malaria katika damu za Wapemba.
Kwao walimfukuza kazi kwa kuwa ni Myahudi.
Hapa watu waliona tu kwamba hali nguruwe,
wakamwalika futari.
Mifuko ya barua ikishateremshwa, yuko dirishani, kofia mkononi.
"Kombo, kuna chochote?"
"Haijafika, bwana."

Hakusema haikufika.
Mimi nafundisha sarufi; najua uzito wa silabi ile.
-Ku- hufunga mlango kwa komeo.
-Ja- huurudishia tu,
mtu akija usiku asukume.

Nikaandika Ulaya, kwenye ofisi inayotunza majina ya waliochukuliwa.
Wakaniletea fomu. Una undugu gani naye?
Nafasi ilikuwa ya neno moja.
Nikakaa na kalamu mpaka adhana ya alasiri,
nikaandika: posta.

Miezi kumi na moja nikawa mimi ninayesimama dirishani.
Karani, kijana niliyemsomesha, ananyanyua nyusi kabla sijauliza:
"Bado, mwalimu."

Jibu lilikuwa nusu ukurasa.
Pollaková, Irma, mshonaji, kazaliwa 1904.
Aprili 1942, treni; herufi mbili, kisha nambari 417.
Kambi. Siku kumi na tisa baadaye treni nyingine, mashariki.
Katika watu elfu moja wa treni hiyo walirudi watatu.
Yeye si miongoni mwao.
Nikazitandaza zile barua mkekani kwa tarehe.
Ya saba, ya nane, ya tisa:
anamuuliza kama koti la baridi limeshatiwa kitambaa cha ndani,
au labda hamuulizi hayo. Sikuzifungua. Nakisia tu
vitu ambavyo mtu humuuliza dada yake mshonaji
aliyekwisha kufa.

Nikaenda kwa bibi, Mize, nimeikunja ile karatasi mara nne.
Alikuwa uani anapasua fenesi.
Nikamwambia kila kitu, na uongo wa mumewe.
"Kwani unadhani hakujua?
Vita vilipokwisha alikaa hapo hapo ulipokaa.
Magazeti ameyasoma. Kahawa hakuigusa.
Akasema, Kombo, mimi nitaendelea kuuliza.
Wewe nijibu vile vile.
Na babu yako akamjibu vile vile,
mpaka mtu wa watu akahamishiwa Tanga."

Barua moja mchwa walikuwa wameifungua kabla yangu.
Mjerumani wa mradi wa maji alinisomea mstari uliosalia,
nami nikamsomea bibi:
Irma, hapa kuna tunda kubwa kuliko kichwa cha mjomba Oskar.
Utakapokuja, usilikate bila kupaka mafuta mikononi,
ulimbo wake hautoki kwa siku tatu.

Bibi akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani.
Kisha akanyamaza, muda, nzi wakatua kwenye kokwa.
"Mimi ndiye niliyemwambia hayo," akasema.
Akapaka kisu mafuta upya,
akanipa.