Kidogo

Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa saba,
chini ya sigara, juu ya mzio,
kuna swali la pombe.
Miaka tisa nimeliuliza nikitazama kalamu,
miaka tisa wamenijibu wakitazama mlango:
kidogo.

Zahanati yetu hapa Mtoni ina mzani wa vichanga,
ina utepe wa kupimia mikono ya watoto,
ina mashine ya presha inayokohoa kuliko wagonjwa.
Kipimo cha kidogo haina.

Mwaka ule wa ndoo na sabuni mlangoni,
wa limao kuuzwa kama dawa ya duka,
wa nyungu, blanketi, jasho na dua,
kidogo kikaanza kuhama nyumba.

Kilitoka kwa Melkiori Tairo,
mhudumu wa baa ya hoteli kule Kunduchi,
aliyekuwa akimalizia masalia ya wageni
kila alfajiri, amesimama.
Ndege zikakatika, hoteli ikafungwa,
akaja kwangu na presha ya kijana:
mia na ishirini kwa themanini.
Nikampongeza. Akanitazama kama nimemtukana.
"Nimepona, sista. Nalala njaa."

Kikaingia kwa Chitanda fundi zege,
ambaye jirani alimhakikishia
kuwa gongo yenye tangawizi inaua kila kitu.
Ilikuwa imeanza na macho yake,
manjano kama vidole vya mpishi wa bizari.

Mzee Shomari Pazi, aliyefuata dawa za sukari,
alinyoosha viganja kwenye kitakasa mikono,
akanusa, akavirudisha haraka:
"Hii ina pombe. Na udhu wangu je?"
Tulicheka, barakoa zikapanda na kushuka.
Nikaandika: hanywi.
Mwezi ule wote, hilo tu
niliandika bila kusita.

Halafu Mwalimu Skolastika.
Shule yao ya kulipia ilifungwa Machi,
mshahara ukafungiwa humo ndani.
Kadi yake ya miaka yote inasema hapana,
hapana, hapana,
kwa mwandiko wangu mwenyewe.
Juni akanyamaza kwanza.
"Kikombe kimoja tu, jioni. Ili nilale."
Cha ukubwa gani?
"Cha chai."
Nikamwambia, kesho njoo nacho.

Alikileta kimeviringishwa kwenye kitenge:
cha bati, cheupe, maua mekundu,
ukingo umebanduka rangi pale mdomo unapotua.
Tukakijaza maji ya ndoo ya kunawia,
tukayamimina kwenye jagi lenye mistari
la kukorogea chumvichumvi ya kuhara.
Yakapita mia mbili.
Yakapita mia tatu. Yakasimama
mia nne kasoro tone.
"Ni bia?"
"Si bia."

Mwalimu wa hesabu haelezwi.
Alizidisha kimya kimya, kitambaa kikicheza mdomoni,
mara siku saba, mara wiki kumi na moja,
kisha akaketi kwenye benchi la chanjo,
kati ya mama wawili wanaonyonyesha,
amekikumbatia kikombe kama kadi ya mtoto.

Sikumhubiria.
Nilimwambia aje Alhamisi, na Alhamisi nyingine,
na kikombe kile kile,
tukipunguze kwa kidole, si kwa kiapo.
Alikuja mara tatu. Vidole viwili vilipungua.
Kisha shule zikafunguliwa, akaacha kuja,
na mpaka leo sijui
kama hiyo ni habari njema.

Usiku ule wa kupima, nyumbani kwangu,
watoto wamelala, luku inalia ukutani,
nilifungua kabati nikatoa bilauri yangu,
ile ndefu, ya zawadi ya harusi.
Jagi lilikuwa mkobani. Nililibeba,
sijui nilitaka kulifanyia nini.
Niliuacha mkoba pale mlangoni,
umefungwa zipu,
nikamimina.