Yumo Ndani

Waliniamsha kabla ya adhana ya alfajiri,
Massoud na tochi ya simu,
pikipiki inaunguruma nje ya ua.
"Bwana Mcha, ufunguo."
Si salamu, si pole. Ufunguo,
kana kwamba nimelala na duka la watu.

Nikapapasa msumarini: ovaroli haipo.
Mke wangu kailoweka tangu magharibi,
imo beseni, imejaa povu na harufu ya makonyo
isiyotoka kwa sabuni yoyote ya Pemba hii.
Nikatia mkono majini hadi kiwikoni,
nikautoa, mdogo, wa shaba, unateleza.

Kutoka Vitongoji Massoud alinisomea hesabu njia nzima:
magunia mia mbili yamelala uani,
boila ina moto tangu saa tisa,
mnunuzi anataka mapipa yake Mkoani,
na msimamizi kesha kusema
yale yasiyosemwa mbele ya mtu mzima.
Mimi nyuma yake, baridi masikioni,
nakumbuka nilivyoondoka jana:
simu, mtoto ana homa, mbio,
kufuli langu jekundu nimeliacha kwenye swichi kuu,
na kadi yake, kwa mwandiko wangu mbovu:

MCHA NGWALI. YUMO NDANI. USIWASHE.

Basi usiku kucha nilikuwa ndani.
Nimelala kwangu, mguu nje ya chandarua,
na huku nimejikunja kwenye tumbo la kikatio
baina ya visu kumi na viwili.
Kadi haijui kuwa binadamu husahau.

Mpita njia hudhani mashine hufa ukiizima.
Hufa wapi!
Kata umeme, mkanda una uzito wake juu,
unangoja kuteremka.
Zima moto, mvuke umejibanza kwenye kona ya bomba
kama deni ulilodhani limesahauliwa.
Mpaka ufungue, uumwage, utazame geji imelala sifuri,
ndipo utie kufuli, na ufunguo kibindoni.
Nyumbani kufuli ni la mwizi.
Huku ni la rafiki yako,
anayekupenda, mwenye haraka.

Faki Shaame aliwashiwa na rafiki.
Msimu wa karafuu nyingi, kufuli hazijaja,
kilichokuwapo ni sauti: "Tayari?"
Na mtu mwingine, upande mwingine, kwa jambo lake mwingine,
akajibu, "Tayari!"
Sasa Faki huandika mizani kwa mkono wa kushoto,
tarakimu zake hulalia nyuma
kama mtu anayevutwa nguo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki,
mgongo wake kwenye swichi, daftari mapajani.
Msumeno wa chuma uko sakafuni, meno mapya.
Msimamizi anatazama saa yake, halafu dari.
Nini kilisemwa pale, sikuambiwa.
Nililiona kufuli langu: mkwaruzo mmoja,
mfupi, mweupe,
wa mtu aliyeanza akaacha.

Sikulifungua. Kwanza nilifunua kifuniko,
nikaingiza kichwa na tochi ya Massoud,
nikaita, "Mna mtu?"
Sauti yangu ikarudi ina kutu.
Nikatoa spana yangu, namba kumi na tisa,
imelala pale pale nilipoandikwa mimi.
Nikafunika. Nikakaza.

Ufunguo ulikuwa bado na povu.
Faki hakuinuka.
Alinitazama nilivyosimama mbele yake,
kikoi, kandambili, mkono umerowa,
tangu utosini hadi vidoleni, kama anayehesabu gunia.
"Mcha," akaniuliza, "umeshatoka?"

"Nimetoka."

Akavuta kiti chake.